Kutunza mbao mfu ya bonsai isioze

Adui wa mbao mfu kwenye bonsai, yaani mti mdogo unaokuzwa chunguni, ni maji yaliyotuama. Kuvu inayoozesha mti haiwezi kufanya kazi kwenye mbao kavu; unyevu ukiwa chini ya takriban asilimia 20 ya uzito mkavu wa mbao, uozo husimama. Mbao ikilowa siku nenda siku rudi, hakuna dawa ya chupa itakayoiokoa. Ndiyo sababu hapa tunaanza na maji, kisha usafi na ukaushaji, ndipo tufike kwenye vigumisho na chokaa-salfa (dawa ya kupaka inayozuia kuvu) ambavyo wengi huvikimbilia kwanza.

Majina ya Kijapani yamezoeleka kwa wakuzaji wa kila nchi, nasi tutayatumia. Jin ni tawi au ncha ya shina iliyokufa na kuvuliwa gome. Shari ni mkanda wa mbao mfu unaoshuka kwenye shina. Sabamiki ni shina lililopasuka au kufunguka ubavuni, na uro ni tundu linalobaki pale tawi lilipooza.

Jua mbao uliyo nayo

Mitarakwa na ndugu zake wa jenasi ya Juniperus ndiyo yenye mbao mfu inayodumu kuliko zote. Kiini cha miti hii kina mafuta na ulimbo vinavyoipinga kuvu. Miti ya shimpaku, aina ya Juniperus ya Japani, iliyochimbwa kwenye miamba ya mlima Ishizuchi, Japani, ilikuwa na mbao nyeupe iliyopigwa jua na theluji kwa miaka mingi, huku mkanda mwembamba tu wa gome hai ukiulisha mti mzima. Miti ya jenasi ya Taxus (yew) nayo ina kiini kigumu cha aina hiyo. Mzeituni, mkomamanga na Buxus (boxwood) zina mbao ngumu inayostahimili vizuri ikitunzwa. Msonobari una pande mbili: kiini chenye ulimbo hudumu, lakini mbao nyeupe ya nje huoza upesi.

Acer (maple), Ulmus (elm), mitini ya jenasi ya Ficus na bogenvilia zina mbao laini au inayooza upesi. Ukiacha jin ndefu kwenye bogenvilia bila kuigumisha, misimu michache inatosha kuifanya iwe kama sifongo. Kwa miti ya majani mapana tunashauri tundu na mfereji vyenye umbo la kumwaga maji kuliko jin nyembamba. Pia rangi yake isiwe nyeupe kama mfupa, kwa maana mti wa namna hiyo ukifa sehemu porini huwa wa kijivu au kahawia iliyokolea.

Kuna jambo moja ambalo husahauliwa hata na wazoefu. Kiini ndicho kinachodumu. Mbao ya nje, ile changa iliyokuwa ikipitisha maji, haina kinga. Tawi lenye unene wa kidole huwa karibu lote ni mbao ya nje. Kwa hiyo jin mpya iache nene na ndefu kuliko unavyoitaka, maana miaka ya kwanza itapungua yenyewe.

Kupima ugumu

Fanya kipimo mbao ikiwa imekaa wiki nzima bila mvua, kwa sababu mbao iliyolowa hudanganya. Chukua sindano nene na uisukume kwa nguvu ya vidole tu, kila baada ya sentimita 1 kwenye eneo lote lililokufa. Mbao nzima huikataa ncha. Ikizama milimita 2 au zaidi bila kulazimishwa, hapo pameanza kulainika. Patie alama ya chaki. Halafu gonga kwa mpini wa bisibisi. Mlio mkavu na wa juu ni dalili njema, mlio mzito uliofifia unakwambia ndani kuna uwazi au uozo.

Uozo wenyewe una sura mbili. Mmoja huigeuza mbao kuwa ya kahawia na kuipasua vipande vya mraba vinavyovunjika kama mkate mkavu. Mwingine huiacha nyeupe, yenye nyuzi na laini. Matibabu ni yaleyale: kwangua yote mpaka ufikie mbao inayokataa sindano. Usigumishe uozo kwa matumaini kwamba utaganda humo ndani. Mbao iliyogeuka unga haina nyuzi za kushika kigumisho.

Kuyaondoa maji

Chukua bomba la sindano, limwagie kila tundu, kila ufa unaotazama juu, na kila pembe kati ya jin na shina. Mililita 20 zinatosha. Rudi baada ya dakika 10. Popote utakapokuta maji bado yamesimama, pana kazi ya kuchonga.

Jin iliyokatwa bapa juu ni kama sahani. Ichonge iwe na ncha au mteremko. Pembe kati ya jin na shina ipe mfereji mdogo unaoelekea chini upande uliokufa. Tundu lenye kina kama kikombe ndilo lenye shida zaidi. Likiwa karibu na upande uliokufa, fungua ukingo wake wa chini kwa patasi ndogo hadi maji yatoke yenyewe. Likiwa ndani sana, toboa kwa keekee tundu la milimita 4 hadi 6 kutoka sehemu ya chini kabisa ya kikombe, kwa mteremko, litokee nyuma ya shina. Kabla ya kutoboa, fuatisha kwa kidole mikanda yote ya gome hai kutoka mizizini hadi kwenye matawi, na uhakikishe keekee haipiti hata mmoja. Kukata mkanda hai kwenye Juniperus ni kuliua tawi linalolishwa na mkanda huo, kwa kuwa mkanda wa jirani hauchukui kazi yake.

Tundu lisilowezekana kutobolewa lizibwe kwa epoksi ya kukanda (gundi ngumu ya sehemu mbili), baada ya kukauka kabisa, na juu yake pawe na mteremko wa kuelekeza maji nje. Saruji isitumike. Mbao hupanuka na kunywea, saruji haifuati. Unabaki ufa mwembamba ukingoni, maji yanaingia humo na hayakauki. Uozo unaojificha nyuma ya saruji huonekana ukiwa umeshakula shina.

Kusafisha

Ukoga wa kijani huonekana mzuri kwenye picha, lakini unashika unyevu juu ya mbao saa nyingi baada ya mvua kukatika. Lowesha mbao kwa maji matupu na uisugue kwa mswaki, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Nyufa nyembamba zisafishe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa. Kwa ukoga ulioshikilia, brashi ya waya wa shaba nyeupe inafaa kwenye mbao ngumu. Brashi ya chuma iweke mbali: hukwaruza, na chembe za chuma zinazobaki huungana na tanini ya mti na kutoa madoa ya bluu nyeusi ambayo ni shida kuyatoa. Sabuni haina kazi hapa.

Simama milimita 2 kabla ya kufika kwenye gome hai. Ukingo wa gome ndiko ukuaji mpya unakojikunja kila mwaka kuifunika mbao mfu, na ngozi hiyo changa huchubuka kwa mswaki tu.

Ukishamaliza, acha mti ukauke mahali penye upepo, ukimwagilia udongo tu kwa kuelekeza maji chini. Kwa chokaa-salfa siku mbili za kukauka zinatosha. Kwa kigumisho subiri wiki nzima au zaidi, kwa sababu mbao huwa kavu juu na nyevu ndani.

Kugumisha palipolegea

Mbao ngumu haihitaji kigumisho. Kuipaka yote ni kuipa mng'ao wa plastiki na kuifunga isipokee chokaa-salfa. Tumia kwenye zile alama za chaki tu, na sehemu ya chini ya shina.

Kinachofaa zaidi kwa maoni yetu ni akriliki iitwayo Paraloid B-72, ambayo mafundi wa makumbusho huitumia kuimarisha vitu vya kale. Huyeyuka kwenye asetoni, na kwa sababu hiyo kosa linaweza kurekebishwa. Weka gramu 5 kwenye kitambaa chepesi, uking'inize ndani ya chupa ya kioo yenye mililita 100 za asetoni, funika, uache usiku kucha. Ukizimwaga chembe moja kwa moja ndani ya chupa huganda chini kama donge. Huo ndio mchanganyiko wa kwanza, wa asilimia 5, mwepesi wa kupenya. Andaa na wa pili wa gramu 10 kwa mililita 100.

Tia mchanganyiko mwepesi kwa bomba la sindano la kioo au kwa brashi, tone kwa tone, hadi mbao ikatae kunywa. Fanya hivi kivulini, kisha funika eneo kwa nailoni iliyolegea kwa saa kadhaa. Juani asetoni hukimbia haraka na kuivuta akriliki irudi juu. Unapata ganda gumu lililofunika mbao laini. Siku inayofuata rudia na mchanganyiko mzito mara moja au mbili. Mwishoni futa uso kwa kitambaa chenye asetoni kidogo ili kuondoa mng'ao na kufungua vinyweleo. Asetoni inaunguza majani na gome changa, na hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo fanyia nje, mbali na moto wowote.

Epoksi nyembamba hugumisha zaidi, ila haitoki tena. Ihifadhi kwa mguu wa shina. Gundi ya papo hapo, ile nyepesi kama maji, inatosha kwa ncha za jin zenye ukubwa wa njiti. Vanishi, rangi ya mafuta na mafuta ya kitani hatuyapendekezi: vanishi hufunga uso, hupasuka juani, na kila ufa huingiza maji yasiyo na njia ya kutoka.

Chokaa-salfa

Hiki ni kimiminika cha rangi ya chungwa chenye harufu ya yai viza, kinachotengenezwa kwa kuchemsha chokaa na salfa. Kikikutana na hewa, huvunjika na kuacha salfa na chumvi nyeupe za kalsiamu ndani ya nyuzi. Salfa huizuia kuvu, chumvi ndizo zinazotoa weupe. Elewa mpaka wake: hakigumishi mbao, na mvua hukiosha polepole. Ndiyo maana hurudiwa.

Chagua asubuhi ya siku yenye jua na joto, ambapo mvua haitarajiwi kwa siku mbili. Vaa glavu na miwani ya kinga. Vua pete na bangili, kwani fedha na shaba hugeuka nyeusi papo hapo. Funika udongo wote kwa nailoni, na uzungushe kitambaa mguuni mwa shina kinywe matone. Chokaa-salfa ikiingia kwenye udongo hupandisha kiwango chake cha alkali na kuunguza mizizi, pamoja na kuvu njema inayoisaidia mizizi ya misonobari.

Nyunyizia mbao ukungu mwepesi wa maji, subiri dakika 10 hivi. Iwe nyevunyevu bila matone. Mbao kavu kabisa huisukuma dawa ibaki juu. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe cha plastiki au kioo. Kwa mbao ngumu ya Juniperus changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 1 ya maji. Kwa mbao laini sehemu 1 kwa 2, ipenye zaidi. Tumia brashi ya nyuzi za nailoni. Brashi ya manyoya huyeyuka, kwa sababu dawa hii hula nywele, kama zifanyavyo dawa zinazotumiwa viwandani kuondoa manyoya kwenye ngozi.

Paka kutoka chini kwenda juu, ili michirizi isiache mistari kwenye mbao kavu. Ingiza kwenye nyufa kwa kugusa na ncha ya brashi. Ukingoni mwa gome hai tumia brashi nyembamba ya kuchorea, au paka kwanza jeli ya petroli juu ya gome. Tone likianguka kwenye gome au jani, lioshe papo hapo kwa maji huku umekinga udongo.

Mwanzoni mbao itakuwa ya njano kali. Usishtuke. Jua litaigeuza nyeupe kwa saa chache, na kufikia siku ya pili itakuwa imetulia. Weupe wa mara ya kwanza huwa mkali mno. Kuupunguza, changanya kwenye kikombe matone machache ya wino mweusi wa kaboni au masizi yaliyopondwa laini. Njia inayotupa sura ya kweli ni kupaka kwanza nyufa na ndani ya matundu kwa mchanganyiko uliotiwa wino mwingi, kisha migongo iliyoinuka kwa mchanganyiko usio na wino. Kwenye uro la Acer au Ulmus wino uwe mwingi kiasi cha kutoona weupe wowote.

Mbao mfu mpya ipakwe mara tatu mwaka wa kwanza. Baadaye mara moja au mbili kwa mwaka inatosha: mara moja kabla ya majira ya mvua au ya baridi, na nyingine wakati wa joto. Kila mara tanguliza mswaki. Ganda la miaka lililorundikana hufunga nyuzi na kufanya mti uonekane umepakwa chokaa ya ukuta.

Hatari zake zichukuliwe kwa uzito. Chokaa-salfa ikigusana na asidi yoyote, hata siki au baadhi ya sabuni za kusafishia choo, hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo huua. Usiichanganye na dawa ya madoa pia. Usiitumie ndani ya chumba. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kwa daktari. Chupa ijazwe na kufungwa sana, maana hewa huivunja hata ikiwa kabatini. Kioevu kilichopauka chenye mchanga mwingi chini kimekwisha nguvu. Kilichobaki kikombeni kisirudishwe chupani.

Mambo yanayokwenda kombo

Mbao ikibaki njano baada ya siku tatu, hali ya hewa ilikuwa baridi au umepaka nzito. Mrudishe mti juani, unyunyize maji kidogo, na weupe utakuja. Mabaka yasiyopokea rangi huwa ni ulimbo au kigumisho cha zamani. Ulimbo uukwangue, kigumisho cha akriliki ukifute kwa asetoni. Gome likigeuka jeupe, lilowanishe na ulisugue siku hiyo hiyo.

Ukiona unga laini chini ya kijitundu cha duara, kuna mdudu anayetoboa. Ingiza waya mwembamba hadi mwisho wa tundu, kisha lijaze gundi nyepesi au akriliki kwa sindano. Mchwa ni jambo jingine: huingia kutoka chini, kwa hiyo chungu kisikae juu ya ardhi.

Kwa shari mpya, usipake dawa siku ya kuvua gome. Kata ukingo kwa kisu kikali, vuta gome, funika ukingo kwa jeli ya petroli, uache mbao ikauke wiki 4 hadi 6. Dawa ikipakwa mapema huingia kwenye kambiamu (tabaka hai la ukuaji chini ya gome) iliyo wazi, na mkanda hai unarudi nyuma milimita kadhaa zaidi ya ulivyokusudia. Kwa jin iliyo mbali na gome hai hakuna haja ya kusubiri hivyo; vuta nyuzi kwa koleo, choma manyoya ya mbao kwa moto mdogo wa gesi, ondoa masizi kwa brashi, iache ikauke kisha ipake.

Mguu wa shina

Hapa ndipo mbao mfu nyingi hupotea, hata kwa watu wanaopaka dawa kwa ratiba. Shari inayoshuka hadi kwenye udongo hufyonza maji kila unapomwagilia, na jua haliifikii. Chokaa-salfa haidumu hapo. Kinachosaidia ni kuitenganisha mbao na udongo.

Wakati wa kubadilisha chungu, fukua mguu wote na uupime kwa sindano hadi chini. Kwangua palipooza. Kisha kata mbao mfu iishie sentimita 1 hadi 2 juu ya usawa wa udongo, ukichonga sehemu ya chini iwe na mteremko wa kwenda nje. Ikibidi ishuke zaidi kwa ajili ya umbo, ikaushe wiki nzima kwa kuiacha wazi huku mizizi hai imefungwa kwa kitambaa chenye unyevu na nailoni, uipake epoksi nyembamba mara mbili, na ukiwa bado na epoksi mbichi juu uibandike mchanga mkavu ili isimetemete.

Ukirudisha udongo, zungushia eneo hilo changarawe au pumisi (jiwe jepesi la volkano) yenye chembe za milimita 5 hadi 8 pasipo udongo laini, upana wa vidole viwili. Usiruhusu zulia la kijani la ukoga liote hapo. Likate kwa kisu na kulibandua kila likikaribia. Kipande chembamba cha jiwe kikisimamishwa kati ya mbao na udongo hufanya kazi nzuri zaidi, na kikichaguliwa vyema huonekana kama sehemu ya mwamba ambao mti umeuota. Unapomwagilia, elekeza maji upande wa mizizi hai, na upande wa shari uache upate maji yanayosambaa yenyewe ndani ya udongo.

Ufukue tena mguu huo kila unapobadilisha chungu, na katikati ya hapo upime kwa sindano mara moja kwa mwaka, baada ya kipindi cha ukavu.